Jakobini Shingo-Nyeupe, Ndege Mvumaji wa Panama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimefanya kazi ya meli miaka mingi. Safari moja tulibadilishwa mabaharia Panama, tiketi ya kurudi nyumbani ikachelewa, nikajikuta nina siku nne sina la kufanya. Siku ya pili nikachukua teksi hadi Gamboa, kijiji kilichoko ukingoni mwa mfereji, pale Mto Chagres unapoingia. Nilikwenda kutazama meli za wenzangu zikipita, nikarudi na picha za ndege. Tangu hapo kila ninayemwonyesha ana maswali, na mengi ni yale yale. Nimeyakusanya hapa ili nisiyarudie kila siku.

Huyu ni ndege gani?

Ni mmoja wa ndege wavumaji. Wanaitwa hivyo kwa sababu mabawa yao huvuma, na si jina la kusifia: anapokupita karibu na sikio unaweza kujikunyata ukidhani ni nyigu. Wenzetu wa Kongo waliosoma Kifaransa wanamwita kolibri, na Wahispania vilevile. Wabrazili wao wanamwita mbusu-maua, jina ambalo nalipenda kuliko yote.

Wavumaji wako aina zaidi ya 350, wote wa bara la Amerika. Huyu wa kwangu kwa jina la kitaalamu ni Florisuga mellivora. Jina lake la Kizungu linawataja watawa wa Kidominiko wa Paris, waliokuwa wakiitwa Wajakobini kwa kuwa nyumba yao ilikuwa mtaa wa Saint-Jacques. Walivaa kanzu nyeupe na juu yake joho jeusi lenye kofia, na ndege huyu naye kwa mbali anaonekana kama amejifunika vivyo hivyo. Kiswahili hakijampa jina lililozoeleka, kwa hiyo nimemwita jakobini shingo-nyeupe. Mwenye jina zuri zaidi alilete.

Hilo la kitaalamu lina kichekesho chake. Florisuga ni mfyonza maua, na mellivora ni mla asali. Sasa nyegere wetu, yule asiyeogopa nyuki wala simba, anaitwa Mellivora capensis. Basi nyegere ana somo yake huko Panama, na somo huyo ana gramu saba.

Anaonekanaje?

Nianze na dume, maana ndiye anayetajwa kwanza kila mahali. Kichwa, koo na kifua cha juu ni bluu ya wino. Kisogoni ana mwezi mwandamo mweupe. Mgongo ni kijani kinachometameta. Tumbo jeupe, mkia mweupe wenye ncha nyembamba za rangi nyeusi. Mdomo ni mweusi, umenyooka karibu kabisa, na kwa kipimo cha wavumaji ni mfupi: sentimita mbili hivi.

Akitua, manyoya marefu ya kijani yanashuka kutoka mgongoni na kuufunika mkia, nawe unaona ndege wa bluu na kijani tu. Akiruka anaukunjua mkia kama kipepeo cha kupepelea moto, na weupe unakupiga machoni. Mara ya kwanza nilidhani wamekuja ndege wawili tofauti.

Mbona kwenye picha moja kichwa ni cheusi?

Kivuli tu. Bluu ile haitokani na rangi iliyomo ndani ya unyoya. Unyoya una tabaka nyembamba mno zinazorudisha mwanga kwa namna yake, sawa na mafuta yaliyomwagika kwenye dimbwi la maji nje ya gereji: ukisogea hatua moja, rangi zinabadilika au zinapotea. Jua likimpata vizuri utaona bluu, likikosa utaona weusi. Ndiyo maana wapiga picha wa wavumaji hupiga mia wakabaki na tatu.

Ni mdogo kiasi gani?

Kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia ni sentimita 11 hadi 12, na uzito ni gramu 6 hadi 9. Chota vijiko viwili vidogo vya sukari, viweke kiganjani: ndiye huyo. Na bado kwa wavumaji huyu si mdogo. Yupo wa Kuba mwenye gramu mbili hivi, ndege mdogo kuliko wote duniani, na wa milima ya Andes mwenye gramu ishirini.

Si ndiye huyu ninayemwona kwenye maua hapa nyumbani, Moshi?

Hapana. Uliyemwona ni chozi. Swali hili ndilo linaloongoza, na nimelijibu Moshi, Mombasa, Bukoba, hata kwa Mrundi mmoja tuliyepanga chumba kimoja melini.

Kuchanganya si kosa. Chozi naye ni mdogo, naye anang'aa kijani na zambarau, naye anachovya mdomo kwenye maua ya haibiskasi asubuhi na mapema. Lakini mtazame miguu. Chozi ana miguu ya kazi. Anashika tawi, anajipinda, ananing'inia kichwa chini ili afikie ua. Anaweza kuelea hewani kidogo akilazimika, kisha anatafuta pa kukanyaga. Mvumaji miguu yake ni ya kutulia tu, kutembea hawezi, na mezani kwake ni hewani. Mdomo wa chozi nao kwa kawaida umepinda kuelekea chini kama mundu, ilhali jakobini wake ni kama sindano.

Kwa ukoo hawa hawana undugu wa karibu hata kidogo. Chozi yuko kundi moja na shomoro. Mvumaji ndugu zake ni teleka, wale weusi wenye mabawa kama upinde wanaoshinda hewani kutwa. Kasuku ana undugu wa karibu zaidi na chozi kuliko alio nao mvumaji. Maua yenye asali ndani ndiyo yaliyowafananisha: huku Afrika na Asia ndege mmoja alijifunza kuyafyonza, kule Amerika akajifunza mwingine, na kazi moja ikawapa sare moja.

Nami nina neno na watu wanaosikitika kwamba "sisi hatuna mvumaji". Papa ndiye avumaye, baharini kuna wengi. Huko Usambara Mashariki kuna chozi mwenye jina la Amani, ile ile Amani ya Muheza, na Uluguru kuna wa kwao asiyepatikana mahali pengine popote. Wapo watu wanaotoka mbali na darubini shingoni kuja kuwatafuta hao, huku sisi tunawapita kwenda sokoni.

Kwa nini wavumaji hawapo Afrika?

Kwa sababu ukoo wa hawa tulio nao leo ulistawi Amerika Kusini, kuanzia kama miaka milioni 22 iliyopita, na bahari ikawazuia kuja huku. Ila kuna kisa. Mwaka 2004 mtaalamu wa Kijerumani, Gerald Mayr, alitangaza mifupa ya ndege iliyopatikana kusini mwa Ujerumani, ya zaidi ya miaka milioni 30, yenye mdomo mrefu na mifupa ya bawa la kuelea. Alikuwa mvumaji, mahali ambapo hakuna aliyetegemea kumkuta, na jina la pili alilompa lina maana hiyo hiyo: inexpectatus, asiyetarajiwa. Kwa hiyo upande wetu huu wa dunia uliwahi kuwa nao, wakatoweka.

Na yule anayekuja jioni kwenye maua, anaelea kabisa na mabawa hayaonekani?

Huyo ni nondo. Yako makundi ya nondo wakubwa, wenye mwili mnene na ulimi mrefu uliojikunja, wanaoelea mbele ya ua kama mvumaji. Ukiona vipapasio viwili kichwani, huyo si ndege.

Jakobini anapatikana nchi zipi?

Kuanzia kusini mwa Meksiko, akishuka Amerika ya Kati yote, hadi Kolombia, Venezuela, Ekuador, Peru, Bolivia na bonde la Amazon nchini Brazili. Visiwa vya Trinidad na Tobago wanaye pia. Yule wa Tobago ni mkubwa kidogo kuliko wa bara na amepewa jina lake la ziada, flabellifera, mbeba kipepeo cha kupepelea, kwa ajili ya ule mkia. Nembo ya taifa la Trinidad na Tobago ina wavumaji wawili juu ya ngao. Ni nchi chache zinazojivunia ndege mwenye uzito mdogo namna hiyo.

Ndani ya nchi hizo, anakaa wapi?

Misitu ya tambarare yenye joto na unyevu. Ni ndege wa juu, kwenye vilele vya miti, ndiyo maana anayetembea chini ya msitu anaweza kupita kutwa asimwone. Anashuka pale msitu unapoisha: kingo za barabara, kando ya mito, mashamba ya kahawa na kakao yaliyoachiwa miti ya kivuli. Hapandi sana milimani. Anahamahama kidogo kufuata maua, mti fulani ukichanua anafika, ukimaliza anaondoka, lakini hasafiri masafa ya mbayuwayu.

Gamboa ni mahali pa kumwona bila taabu kwa sababu mji wenyewe umezungukwa na msitu wa hifadhi ya Soberanía, na watu hutundika vyombo vya maji ya sukari barazani.

Anakula nini?

Asali ya maua, yaani ule utomvu mtamu kabla nyuki hajautia mkono. Hupendelea maua ya miti mikubwa, na pia ya helikonia, ule mmea wenye majani kama mgomba na maua mekundu ya kuning'inia ambao mahoteli ya pwani yetu hupanda kwa mapambo. Ni kweli una undugu na mgomba.

Lakini sukari peke yake haijengi mwili. Jakobini hula wadudu, na kuwakamata kwake ni tamasha: anaelea juu ya kijito au uwazi, mkia umekunjuliwa, anadaka visubi mmoja mmoja. Unaona ndege anacheza peke yake hewani, kushoto, kulia, nyuma, kumbe anakula.

Ulimi wake una kisa kirefu, nacho nitakisema kwa kuwa nilikipenda. Kwa zaidi ya miaka mia moja na hamsini wataalamu waliamini kwamba asali hupanda ulimini kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi. Mcolombia mmoja, Alejandro Rico-Guevara, hakuridhika. Akawapiga wavumaji picha za video za kasi kubwa wakinywa kwenye vyombo vya kioo. Kilichoonekana ni kwamba ulimi umegawanyika ncha mbili na una vifereji viwili kando. Ndege anaubana ulimi kwa mdomo wakati wa kuutoa, vifereji vinalala bapa. Ukigusa asali vinafumuka na kujivuta vyenyewe vijae. Ni pampu. Majibu yake yalitoka mwaka 2011 na 2015, na utambi ukaenda zake.

Je, anasikia utamu kama sisi?

Anausikia, na haikutegemewa. Ndege kwa jumla walikwisha poteza kipokezi cha utamu tulicho nacho sisi; kuku hajali sukari. Mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba wavumaji walichukua kipokezi kingine, kile cha kuonja ladha kama ya mchuzi wa nyama, wakakigeuza kiwe cha sukari.

Anawezaje kusimama hewani?

Nyoosha mkono ubavuni, kiganja kikitazama chini, uulete mbele. Sasa geuza kiganja kitazame juu, uurudishe nyuma. Fanya tena na tena bila kusita. Ncha ya kidole imechora nane iliyolala. Hivyo ndivyo bawa la mvumaji linavyokwenda, kwa sababu bega lake linageuka namna ambayo la njiwa haliwezi. Njiwa hupata nguvu ya kunyanyuka anapopiga bawa kwenda chini. Mvumaji hupata takriban robo tatu akipeleka bawa mbele na robo moja akilirudisha. Kwa sababu hiyo hadondoki katikati, na anaweza kurudi nyuma kama gari kwenye maegesho.

Kasi ya mapigo hutegemea ukubwa: yule mkubwa wa Andes hupiga mara kumi na kitu kwa sekunde, wadogo kabisa hufika themanini. Jicho la mtu linaona ukungu tu pande mbili za mwili. Gharama yake ni moyo unaoweza kupiga zaidi ya mara 1,000 kwa dakika, na tumbo lisiloweza kungoja chakula cha mchana.

Usiku je, asipokula, haishi nguvu?

Wavumaji wana mbinu ya kuzima. Usiku wenye baridi au baada ya siku ya njaa, mwili unapoa, moyo unapunguza mwendo, ndege anakaa tawini kama amekufa. Asubuhi anatetemesha misuli ya mabawa mpaka apate joto la kuruka. Waliopimwa milimani Peru walishuka sana. Mmoja alifika nyuzi tatu hivi za Selsiasi, karibu na barafu, na asubuhi akaamka akaenda zake kutafuta maua. Jakobini anakaa kwenye joto, kwa hiyo hana sababu ya kufika huko.

Na jike, ana rangi gani?

Hapa ndipo nilipoumbuka. Barazani Gamboa kulikuwa na chombo chekundu cha plastiki kimetundikwa, na wavumaji kama kumi wanakigombea. Wengi walikuwa wa bluu na weupe. Nikamwuliza mwenye nyumba, kwa Kihispania changu cha bandarini, mbona madume wamejaa namna hii, majike wako wapi. Akacheka. Akaniambia, hao hao, baadhi yao.

Jike wa kawaida hajavaa kama dume. Juu ni kijani, kooni na kifuani ana manyoya meusi-meusi yenye kingo nyeupe, kama magamba ya samaki, tumbo jeupe, mkia wa kijani unaoishia na weusi na ncha nyeupe. Hana mwezi kisogoni. Kwa ndege wengi hadithi ingeishia hapo: dume anapambwa, jike anajificha.

Lakini karibu mmoja kati ya majike watano waliokomaa wa jakobini amevaa mavazi ya dume, bluu yote, weupe wote, na mwezi wake. Jay Falk na wenzake waliwafuatilia hapo hapo Gamboa, wakatangaza matokeo mwaka 2021. Waliwakamata ndege kwa nyavu na kuchukua damu ili kujua jinsia, maana kwa macho huwezi. Kisha wakagundua jambo jingine: makinda wote, wa kike na wa kiume, huanza maisha wakiwa na mavazi ya dume. Wakikua, majike wengi hubadili, wachache hubaki nayo. Kwa ndege wengine ni kinyume, kinda hufanana na mama.

Sasa kwa nini? Kama urembo ule ungekuwa wa kutafutia mwenzi, kinda asingeuhitaji, na madume wangewakimbilia majike waliopambwa. Watafiti wakaweka ndege waliokaushwa juu ya vyombo vya chakula, dume, jike wa kawaida, na jike mwenye mavazi ya dume, wakatazama nani anasumbuliwa. Madume walio hai walimwandama jike wa kawaida. Na walipowawekea ndege hai vidude vidogo vya kuhesabu ziara zao kwenye chombo, majike wenye bluu walikula mara nyingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi kuliko wenzao. Akivaa kama dume, hasumbuliwi mezani. Na ni mavazi tu: walipopimwa nguvu za kuruka, majike hao hawakuwa na misuli ya dume. Wameazima koti la askari, mtaani wakapishwa.

Nimeeleza habari hii kwa shangazi yangu mmoja aliyeuza samaki Feri maisha yake yote. Hakushangaa hata kidogo. Alisema alipoanza kwenda mnadani alfajiri alikuwa akivaa koti la marehemu mumewe.

Kwa hiyo wanaishi kama mke na mume?

Hawaishi. Dume hukutana na jike, kisha kila mtu na njia yake. Kujenga, kuatamia na kulisha ni kazi ya jike peke yake.

Kiota chake kikoje?

Ni kikombe kidogo cha sufi ya mimea kilichofungwa kwa nyuzi za utando wa buibui. Utando hunyumbuka, kwa hiyo kikombe hutanuka kadiri makinda wanavyokua. Wavumaji wengi hukiweka kwenye kijitawi. Jakobini hukijenga juu ya jani pana, mara nyingi la mmea mdogo wa jamii ya mchikichi, kimo cha mita moja hadi tatu tu, na huchagua jani lenye jani jingine juu yake liwe paa la mvua. Hutaga mayai mawili meupe. Makinda hulishwa asali na wadudu, mama akiwatapikia ndani ya koo kwa ule mdomo wa sindano. Ukiangalia unaweza kuogopa kwamba atawatoboa.

Ana ugomvi?

Kwenye chombo cha sukari, mno. Anatanua mkia, anamshukia mwenzake kutoka juu, wanapanda hewani kifua kwa kifua wakilia vijisauti vyembamba. Lakini kwenye mti mkubwa uliochanua wote nimewaona wengi wanakula pamoja bila fujo kubwa. Ua likiwa tele, kulinda ni kupoteza nguvu.

Hesabu hiyo chozi wetu anaijua pia. Mwaka 1975 Frank Gill na Larry Wolf waliandika juu ya chozi mwenye mabawa ya dhahabu kule Naivasha, Kenya. Walipima asali iliyomo kwenye maua na nguvu anazotumia ndege kufukuza wengine, wakaona analinda eneo pale faida inapozidi gharama, na huacha pale isipozidi. Mfanyabiashara wa genge angeelewana naye vizuri.

Anaimba?

Si mwimbaji. Ana vilio vifupi vyembamba, basi. Ukitaka wimbo, msikilize chozi.

Yuko hatarini kutoweka?

Kwa sasa hapana. Orodha ya kimataifa inamweka katika kundi lisilo na wasiwasi mkubwa. Eneo lake ni pana na anavumilia mashamba yenye miti. Ukifyeka kila kitu, hata yeye anaondoka.

Karne ya 19 hali ilikuwa nyingine kwa wavumaji kwa jumla. Ngozi zao zilisafirishwa Ulaya kwa wingi, zikashonewa kofia za mabibi na kuwekwa kwenye makabati ya kioo. Mwingereza John Gould, aliyempa ndege wa Tobago lile jina la flabellifera, aliwaonyesha watu wa London wavumaji waliokaushwa mwaka 1851. Umati ukafurika. Yeye mwenyewe wakati huo hakuwa amewahi kumwona hata mmoja akiwa hai. Alimwona mwaka 1857 alipokwenda Marekani. Miaka yote hiyo aliwajua kwa ngozi.

Naweza kumnunua nimfuge?

Usijaribu. Wavumaji wote wamo katika mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe wa porini, CITES, na kuwavusha mpakani kunahitaji vibali. Hata bila sheria, ndege asiyeweza kukosa chakula saa chache si wa kutundikwa kwenye tundu.

Nakaa Ohio. Nimeona mvumaji bustanini, ni jakobini?

Si yeye. Mashariki ya Marekani na Kanada anayezaliana huko ni mvumaji mwenye koo jekundu, gramu tatu hivi, ambaye majira ya baridi hushuka Meksiko na Amerika ya Kati, wengine wakiivuka Ghuba ya Meksiko kwa mruko mmoja.

Ukitaka kumtundikia chombo, chukua sukari nyeupe ya kawaida kipimo kimoja kwa maji vipimo vinne, koroga iyeyuke, iache ipoe. Usitie asali ya nyuki, huota kuvu. Usitie rangi nyekundu. Chombo kikiwa chekundu kinatosha. Kipindi cha joto mwaga na uoshe kila baada ya siku mbili au tatu, hata kama hakijaisha. Watu wengi huanza kwa bidii na kusahau kuosha, na maji yaliyochacha ni mabaya kuliko kutotundika chombo kabisa.

Nimetumiwa WhatsApp picha ya mvumaji wa rangi saba amekaa kiganjani. Ni kweli?

Nyingi si kweli. Angalia miguu: ikiwa minene kama ya kuku, ni picha ya kutengenezwa. Angalia mwanga: ndege wa kweli hang'ai pande zote kwa pamoja, upande mmoja kwa kawaida huwa mweusi au wa kijivu.

Kwa hiyo yule wa bluu kwenye picha yako ni dume au jike?

Kwa miaka miwili nilimwambia kila mtu kuwa ni dume. Ana mwezi kisogoni, ana mkia mweupe, na yuko kwenye ukingo wa chombo anakunywa, hakuna anayemsumbua.